Aliyenyamaza Juu ya Daraja

Mjomba wangu anachonga funguo. Kibanda chake kiko kwenye kona ya soko la nguo, kati ya muuza vioo na mama mmoja anayeshona mabegi ya shule, na ni kidogo kiasi kwamba Mjomba akishaingia, mteja hubaki nje na jua lake. Ukutani ametundika funguo ambazo hazijakatwa meno, na upepo ukipita zinalia zote. Mpelekee ufunguo wako uone. Ataugeuzageuza, ataupapasa kwa kidole gumba, halafu ataanza kukusimulia habari za mlango wako kana kwamba amewahi kulala humo ndani. Mjomba anapenda kusema. Akiona kimya mahali, lazima akijaze. Mara moja tu katika maisha yake alikiacha kimya kama kilivyo, na watu wa nyumbani kwetu hatujapona hadi leo.

Watu wazima wa mtaani bado wanamwita Bawa. Vijana wanadhani ni jina la ukoo. Ukweli ni kwamba zamani, kabla kila mtu hajawa na televisheni mfukoni, redio ya mji wetu ilikuwa na mchezo kila Alhamisi, mara tu baada ya taarifa ya habari ya jioni. Mchezo wenyewe uliitwa Bawa la Chuma. Bawa alikuwa mtu mwenye mabawa aliyojitengenezea kwa mabati, anaruka juu ya mji, anawatoa watu kwenye moto, anawadaka wanaoanguka ghorofani. Adui yake alikuwa Kutu. Chochote ambacho Kutu alikigusa kilishikwa na kutu pale pale, kiwe kufuli, reli au nguzo za daraja. Sauti ya Bawa ilikuwa ya Mjomba. Sauti ya Kutu ilikuwa ya baba yangu mzazi, mume wa dada yake Mjomba.

Sasa, hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo mengine yote hayana maana. Baba alikuwa na kigugumizi. Sisemi kile cha kurudia neno mara mbili likapita. Cha Baba kilikuwa kinamshika koo, macho yanamtoka, mshipa unasimama shingoni, na neno lenyewe halitoki. Shuleni walimtesa sana. Aliyemkingia kifua ni Mjomba, ambaye walikaa dawati moja. Mwalimu akiuliza, Mjomba anajibu kwa niaba. Muuza maandazi akiuliza, Mjomba anaagiza kwa niaba. Atakayemwigiza Baba anapigwa ngumi, tena na Mjomba. Walikua hivyo, mmoja mdomo na mwingine mwenye mdomo asioutumia, na wote wawili waliona ni sawa.

Hata siku Baba alipokuja nyumbani kwa kina Mama kuposa, aliyezungumza ni Mjomba. Babu alimuuliza mgeni, "Umekuja na shida gani?"

"Anataka kumwoa dada," Mjomba akajibu.

"Utaweza kumtunza?"

"Ataweza, baba. Ana kazi, ananyoa watu."

Babu akawatazama wote wawili, akamgeukia Mama. "Mwanangu, hebu nisaidie. Kati ya hawa, anayeoa ni yupi?"

Mama alikuwa anatusimulia hiyo kila mara na kucheka hadi machozi. Baada ya ile Alhamisi aliacha kuisimulia.

Baba hakuingia redioni kwa kuomba. Alikuwa anamsindikiza tu shemeji yake, anakaa pembeni kwenye kiti kibovu, anasikiliza. Kutu wa kwanza alikuwa mwalimu, akahamishwa kikazi, na Alhamisi iliyofuata hakukuwa na mtu. Mjomba, kwa utani wake, akamwekea Baba karatasi mikononi. Wenzake walianza kujifunika midomo wasicheke. Baba akaisoma ile karatasi kimoyomoyo mara kadhaa, akafumba macho, akafungua mdomo. Ilitoka sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, nzito, ya polepole, laini kama mafuta ya mashine. Neno halikukwama hata moja. Mzee Vishindo, yule aliyekuwa akitengeneza sauti za mchezo kwa mifuniko na minyororo, anasema alidondosha kila alichokishika.

Mama alipomuuliza nyumbani imekuwaje, Baba alihangaika sana kueleza. "Ya-ya-yale si maneno ya-yangu," alisema. "Ya-yangu ndiyo ya-yanayokwama."

Kwanza Mjomba alifurahi kuliko mtu yeyote. Alitamba soko zima. "Yule mnamwona? Mimi ndiye niliyemtoa." Na ni kweli, sitaki kumnyima haki yake. Lakini Kutu akaanza kupendwa. Watoto mitaani, ambao zamani walifunga mashuka mabegani na kuruka kutoka kwenye kuta, sasa wote walitaka kuwa Kutu. Walicheka kile kicheko chake, kirefu, kinachoshuka ngazi mojamoja. Kinyozini kwa Baba watu walikuja hata wasio na nywele. Mtu anakaa kitini, wembe uko shingoni, anasema, "Kutu, nichekee kidogo." Baba anacheka kicheko kile, na mteja anatetemeka kwa raha.

Halafu Baba akagundua kitu ambacho nadhani hakukitegemea. Akiazima sauti ya Kutu, aliweza kusema hata yasiyoandikwa, mradi yawe machache na ayapange kichwani kwanza. Alikwenda buchani akaagiza nyama kwa sauti ya Kutu. Alinigombeza mimi kwa sauti ya Kutu, nikajificha chini ya kitanda, akanifuata huko huko akicheka. Na Jumapili moja, mezani, mbele ya Mjomba, alisimulia kisa kizima cha mteja aliyelala usingizi akinyolewa, mwanzo hadi mwisho. Sote tulicheka. Mjomba alibaki na tonge mkononi, anangoja pengo la kuingilia, na pengo halikuja.

"Shemeji," alisema mwishowe, "siku hizi umekuwa mwanasiasa."

Alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Nilikuwa mtoto ila sikuwa kipofu. Mjomba alimpenda baba yangu, naapa, na wiki hiyo hiyo alimvunja mtu jino sokoni kwa kumwigiza Baba kigugumizi. Tatizo ni kwamba alizoea kumpenda akiwa chini, amemshika mkono. Sasa Baba alikuwa amesimama mwenyewe, na Mjomba hakujua mikono yake aiweke wapi.

Akaanza kulalamika. "Adui gani huyu asiyekufa?" alimwambia Mama. "Kila wiki nampata, kila wiki anatoroka. Bawa anaonekana mzembe."

"Ni mchezo, kaka," Mama akamwambia.

"Najua ni mchezo. Nasema tu."

Aliyeandika na kuongoza mchezo alikuwa mama mmoja mkali tuliyemwita Mama Saa, kwa kuwa kidole chake kilikuwa siku zote kinaonyesha saa ya ukutani. Mjomba alimfikishia malalamiko hayo na akajibiwa pale pale. "Kutu hafi. Kutu akifa, sote tunarudi makwetu."

Ile Alhamisi, mchezo ulikuwa umefika kwenye daraja. Kutu ameiba begi la dhahabu, anakimbia, na nguzo alizozigusa mwenyewe wiki iliyopita zinamkatikia. Ananing'inia kwa mkono mmoja, begi liko mkono wa pili, mto uko chini. Bawa anatua darajani, juu yake. Katika karatasi ya Mama Saa, Bawa alitakiwa kusema maneno haya: "Achia hilo begi, nipe mkono." Kisha begi linaanguka majini, Bawa anamvuta Kutu juu, anampeleka gerezani, na baadaye, bila shaka, Kutu anatoroka na sote tunaendelea kula.

Mchezo ulikwenda hewani moja kwa moja, haukurekodiwa, na pale studioni kulikuwa na sheria moja kubwa, kwamba hewani hakuna kimya. Msikilizaji akisikia kimya anadhani redio imeharibika, anaipiga kofi. Kwa hiyo mchezaji akikwama, Mzee Vishindo anaingia na sauti. Naye Mzee Vishindo macho yake yalikuwa yamekwisha, karatasi hasomi. Alikuwa anavipanga vitu vyake mezani kwa mfuatano, kushoto kwenda kulia, na akimaliza kimoja mkono unakwenda kwenye kinachofuata. Siku hiyo palikuwa na mnyororo wa daraja, kipande cha ngozi cha kupigia mabawa, na mwisho beseni la maji na jiwe. Jiwe ndilo begi.

Sisi tulikuwa nyumbani, mimi na Mama, redio iko juu ya kabati, Mama anakunja nguo. Kutu akasema, kwa ile sauti yake, "Bawa. Kutu hajawahi kumwomba mtu. Leo naomba."

Tukangoja Bawa ajibu.

Mnyororo ukalia. Mabawa yakapiga. Bawa hakusema kitu. Mama alikuwa ameshika shati la Baba kwa mikono yote miwili, akaacha kulikunja. Mnyororo ukalia tena.

"Sema, kaka," Mama alisema, taratibu, akiitazama redio.

Ndipo tukasikia maji. Chubwi. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameambiwa kuhusu kuachia begi, mji mzima ulisikia mtu akianguka mtoni.

Baada ya hapo kukaja sauti nyingine, ndogo, kavu, ya pumzi inayogonga kooni na kurudi, kk, kk, kk. Kesho yake watu walisema walimsikia Kutu akikabwa na maji, na kwamba hawajawahi kusikia uigizaji wa namna ile. Mama alisimama, nguo zikamdondoka kutoka mapajani.

"Huyo si Kutu," alisema. "Huyo ni baba yako."

Alikuwa anajaribu kusema hajaanguka. Sentensi moja tu ingetosha, kwamba ni begi, mimi bado niko hapa. Lakini sentensi hiyo haikuwa imeandikwa, hakuwa amepata nafasi ya kuipanga kichwani, ilikuwa yake mwenyewe, na yake ndiyo yaliyokuwa yakikwama. Mjomba alisimama pembeni yake, kipaza sauti kimoja, mdomo uliokuwa umemsemea tangu dawatini. Aliutazama mdomo wa Baba ukihangaika, na hakusema. Mama Saa akaweka muziki.

Ukiniuliza kama Mjomba alikusudia, sijui. Mama alimuuliza Jumapili hiyo, uso kwa uso, "Kaka, ulisahau au ulinyamaza?" Akasema karatasi mbili zilishikana. Wiki iliyofuata akasema koo lilikauka. Baadaye sana akasema alidhani ilikuwa zamu ya Baba. Mimi nadhani alikuwa juu ya lile daraja kweli, kwa muda mfupi, na akapenda kuwa ndiye anayeamua. Kisha muda ukampita. Lakini hayo ni mawazo yangu, na mimi ni mtoto wa aliyeanguka.

Kosa la hewani lingeweza kurekebishwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ijumaa asubuhi simu ya kituo haikunyamaza, watu wanamlilia Kutu, na Mama Saa akawaita wote studioni. Habari za kikao hicho tulizipata kwa Mzee Vishindo, siku alipokuja kinyozini akatukuta mimi na Mama, Baba akiwa ametoka kidogo.

"Mama Saa alisema ni rahisi," alitueleza. "Wiki ijayo tunasema nguo yake ilinasa kwenye nguzo, hakufika majini. Akamgeukia baba yenu, akamuuliza, wewe unaonaje? Unataka kuendelea? Baba yenu akaanza, mi-mi-mi, unajua tena. Sote tukamgeukia Bawa. Mazoea, mwanangu. Bawa ndiye aliyekuwa anammalizia siku zote."

"Akasemaje?" Mama aliuliza.

Mzee Vishindo alijipapasa kidevu. "Akasema, shemeji anasema amechoka. Kutu apumzike."

"Na yeye mwenyewe?"

"Alimtazama Bawa. Akafunga mdomo."

Jioni hiyo Mama alimuuliza Baba kama kweli alikuwa amechoka. Baba alitikisa kichwa kukataa. Mama akasema atakwenda kwa Mama Saa yeye mwenyewe, kwa miguu, sasa hivi. Baba alimshika kanga asitoke. Alihangaika na neno muda mrefu, na Mama, Mungu ambariki, hakumsaidia, alingoja.

"A-a-a-achia," Baba alisema.

Ile sauti hakuiazima tena. Alijaribu mara moja buchani, na mwenye bucha akaweka kisu chini, akasema kwa huzuni ya kweli, "Ah, marehemu Kutu." Baba akachukua nyama yake akaondoka. Watoto mtaani walimzika Kutu kwenye jalala kwa heshima zote, wakaweka na maua, na Baba alipita pale kila asubuhi akienda kazini. Kinyozini alirudi kuwa mtu wa ishara. Kicheko kile hatukukisikia tena, na mimi nilikitafuta sana. Nilikuwa najificha chini ya kitanda kwa makusudi, na Baba anakuja, ananitoa kwa mkono, ananipangusa vumbi.

Bawa naye hakudumu. Walimtafutia maadui, wote wakawa maji ya uvuguvugu. Wakampa moto, wakampa mafuriko, mwishoni wakampa chui aliyetoroka kwenye sarakasi, na Mzee Vishindo alilazimika kunguruma mwenyewe kwenye ndoo. Kabla ya mwaka kwisha mchezo ulifutwa na wote walirudi makwao, kama Mama Saa alivyosema. Mjomba akarudi kwenye funguo zake.

Wala usifikiri waligombana. Afadhali wangegombana. Mjomba aliendelea kuja kila Jumapili. Alitubadilishia vitasa vyote bila kuombwa. Alisema kuliko zamani, mfululizo, kana kwamba kuna bomba limepasuka. Na nywele zake alizipeleka kwa Baba, hakuwahi kunyolewa na mtu mwingine. Anakaa kitini, anaanza kusimulia, Baba anazunguka nyuma yake na wembe, anaitikia kwa kichwa ambacho Mjomba hakioni. Niliwatazama miaka na miaka. Wakati mwingine wembe ulikuwa unasimama shingoni muda kidogo, na Mjomba anasema haraka zaidi.

Mama alitangulia. Kisha Baba akaugua figo, wakamlaza. Mjomba alikuwa anafunga kibanda mchana na kuja kukaa naye, mzee tayari, mgongo umepinda kwa kuinamia mashine. Nitasema na hili, maana ni lake. Nesi alipomuuliza Baba anaumwa wapi, Mjomba alifungua mdomo kumjibia, kisha akaufunga. Akakaa kimya, akangoja neno la Baba lije. Lilichukua muda. Nesi alitaka kuondoka, Mjomba akamshika mkono wa gauni, akamwambia, "Ngoja. Anasema."

Siku walipotaka kumhamishia wodi nyingine, Baba alikataa kuinuka. Alikuwa amekumbatia begi lake la mashine za kunyolea, ambalo alikuja nalo hospitali kwa kuogopa litaibiwa nyumbani, na hakutaka kulitoa mikononi. Nesi akabembeleza, mimi nikabembeleza. Kiti cha magurudumu kinangoja mlangoni. Mjomba akainama juu ya kitanda, amechoka kama sisi sote, akanyoosha mkono.

"Shemeji," alisema, "achia hilo begi. Nipe mkono."

Nadhani maneno yalikuwa yameshatoka kabla hajayasikia. Niliona uso wake ukibadilika. Mkono ulibaki hewani pale, vidole vimejaa weusi wa chuma usiotoka kwa sabuni yoyote. Baba alimtazama. Akamtazama sana. Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kile kile, kirefu, kinashuka ngazi mojamoja, hakikukwama popote, hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuza vichwa. Kikaishia kwenye kikohozi. Nikamfuta mdomo.

"U-u-u," alisema Baba, na mshipa ukasimama shingoni. Tulingoja wote. "U-umechelewa."

Akaachia begi, akampa mkono, tukamketisha kitini. Begi alilibeba Mjomba. Baba aliishi hadi mvua zilipoanza, na hawakulizungumza tena.

Nikipitia sokoni humpelekea Mjomba chakula, na mara nyingine ufunguo wa kuchonga ambao siuhitaji. Anausugua kwenye mashine yake, anausimulia mlango wangu, anasimulia wateja wake, muuza vioo na mama wa mabegi. Halafu anazima mashine, anapuliza vumbi la shaba, na bila kuniangalia ananiuliza lile lile analoniuliza kila mara.

"Alikuwa anatania, sivyo? Pale hospitali. Si alicheka kwanza?"

"Alikuwa anatania, Mjomba," namjibu.

Lakini kabla ya kumjibu huwa nakawia. Nakawia kidogo tu, funguo zinalia ukutani, naye mzee wa watu ananingoja niseme.